Pampu ya oili ya Suzuki Escudo: kuishusha, kuipima na kuirudisha

Taa ya oili ikiwaka, mwenye gari hukimbilia dukani kuulizia pampu. Fundi naye, akiona mteja keshakuja na pampu mkononi, anaifunga, analipwa, na baada ya wiki taa inawaka tena. Pampu ya oili ni chuma kinachoogelea ndani ya oili maisha yake yote. Ni nadra kufa yenyewe tu. Kwa kawaida kuna kilichoiua au kilichoinyima oili, na ukibadilisha pampu bila kukitafuta kitu hicho, umekiacha ndani ya injini kimsubiri mgeni. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye kutafuta na kupima, na nitapita haraka kwenye kufungua nati. Nati kila fundi anajua kufungua.

Nazungumzia Escudo za injini ya G16, cc 1590, zile za milango mitatu na mitano zinazokodishwa kwa watalii wa Nungwi na Paje hapa Unguja, na ambazo kule Pemba zinapanda na kushuka vilima mchana kutwa. Pampu yake iko mbele ya injini, imevaa krenki yenyewe (shafti kuu ya injini), nyuma ya puli ya mkanda wa taimingi. Gari nyengine zenye pampu ya namna hii zinafuata mtiririko uleule, lakini vipimo nitakavyovitaja ni vya G16. Usivihamishie kwenye Toyota.

Kwanza jua kama presha imeshuka kweli

Taa haipimi presha. Inaendeshwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye bloki karibu na filta ya oili, na swichi hiyo huiwasha taa presha ikianguka chini kabisa, kiasi cha nusu ba hivi, yaani kama psi 7. Kwa hiyo taa ikiwaka kwa haki, mambo yameshaharibika: zima injini hapohapo, usiseme ngoja nifike Mwanakwerekwe. Na taa ikiwa imezima, hujahakikishiwa chochote zaidi ya kwamba presha haijafika huko chini.

Swichi nayo hufa. Hewa yetu ya chumvi inakula plagi yake mpaka inakuwa kijani, na waya wake ukichubuka ukagusa bodi, taa inawaka bila ya kosa la pampu. Chomoa waya wa swichi huku umefungua ufunguo. Taa ikibaki inawaka, tatizo lako ni waya, na kazi imekwishia hapo. Ikizima, fungua swichi yenyewe, funga geji ya presha mahali pake, angalia oili kwenye kijiti, kisha washa injini uiache ipate moto wake wa kawaida.

Kanuni ya gereji, ambayo inafaa kwa injini nyingi, ni psi 10 au zaidi kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Kwenye mizunguko 3,000 ukiona chini ya psi 30 na injini ina moto, una sababu ya kuendelea. Lakini usiangalie namba peke yake, angalia sindano inavyokwenda. Presha nzuri ikiwa baridi, inayoporomoka injini ikipata moto na gari ikiwa sailensi (inaunguruma bila ya kukanyagwa mafuta), kisha inapanda ukikanyaga mafuta, mara nyingi ni beringi za krenki na konrodi zilizolika, au oili nyepesi mno, au oili iliyochanganyika na petroli. Huyu ndiye mteja anayekwambia, "Fundi, inawaka nikisimama foleni ya Darajani tu, nikiondoka inazima." Pampu mpya itampunguzia kidogo, haitamponya. Presha iliyo chini moto na baridi, sailensi na mbio, inaelekeza kwenye valvu ya presha, ile inayoachia oili presha ikizidi, iliyokwama wazi, au pampu iliyolika. Presha inayochelewa kupanda kila asubuhi, au sindano inayotetemeka kama inavuta pumzi, inaelekeza kwenye chujio, yaani wavu ambao pampu inavutia oili kutoka chini ya injini: limeziba, au pete yake ya mpira imekauka na pampu inavuta hewa.

Kuna na kinyume chake. Presha ikipanda kupita kiasi mpaka filta inavimba au inavuja kwenye mpira wake, valvu imekwama imefunga. Watu hulaumu filta.

Vitu viwe tayari kabla gari haijapanda stendi

Hapa nasisitiza kwa ajili ya wenzetu wa Pemba hasa. Aliyeko Mjini Unguja akikosa oili sili (mpira wa duara unaozuia oili isivuje kwenye krenki) anatembea kwa miguu kwenda dukani. Aliyeko Konde au Wete anaweza kusubiri boti ifike Mkoani, na gari iko juu ya mawe uwanjani kwake. Nunua mapema gasketi ya pampu, oili sili ya mbele ya krenki, pete ya mpira ya chujio, filta, silikoni nzuri inayostahimili oili, na oili ya kutosha. Mkanda wa taimingi, kama hujui ulifungwa lini, ongeza na huo. Utaufungua kwa vyovyote, na kuurudisha uliochoka ili uokoe pesa kidogo ni kujitafutia kazi ya pili. Pampu yenyewe usinunue bado.

Vifaa ni soketi za 10, 12, 14 na 17, jeki na stendi imara, toki renchi ya kukazia kwa kipimo, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mapengo), na rula ya chuma iliyonyooka kweli. Fila geji ndiyo watu wengi hawana, na bila ya hiyo kazi hii haina maana, kwa sababu jicho haliwezi kuona sehemu ya kumi ya milimita. Ni kifaa cha bei ndogo. Tafuta.

Kufungua

Toa waya wa hasi wa betri. Mwaga oili injini ikiwa vuguvugu, na uimwage kwenye karai safi, kwa sababu utataka kuichungulia. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Chembe zinazong'aa rangi ya shaba au fedha ni beringi. Vijinyuzi laini vya rangi ya silikoni, vyeusi, kijivu au vyekundu, ni kazi ya fundi aliyetangulia. Oili yenyewe usiimwage uwanjani: maji tunayokunywa Unguja yanatoka chini ya mawe haya ya matumbawe, na mawe ya matumbawe hayazuii kitu. Weka kwenye dumu, hakosi mtu wa kuja kuomba apake boriti zisiliwe na mchwa.

Mbele ya injini, toa kava la feni, feni, mikanda ya altaneta, ya AC na ya usukani. Ukitoa rejeta utajipa nafasi, na rejeta nyingi za gari hizi zina ukoga wa vumbi na chumvi katikati ya mapezi yake, basi ioshe ikiwa nje. Kisha bolti ndogo zinazozunguka puli ya krenki. Puli inatoka bila ya kugusa bolti kubwa ya katikati. Fungua kava la mkanda wa taimingi.

Kabla ya kulegeza chochote, zungusha krenki kwa kulia mpaka alama zikae. Puli ya krenki ina kidoti kinachotakiwa kukabiliana na mshale uliochorwa juu ya pampu yenyewe. Puli ya kemu ina herufi E, nayo inakabiliana na alama ya V juu kwenye kava la silinda hedi. Herufi zinaweza kuwa zimefunikwa na uchafu, sugua kwa petroli. Piga picha kwa simu. Ukisharidhika, legeza tenshena (puli ndogo inayoukaza mkanda), toa mkanda, na usiuguse krenki tena mpaka wakati wa kufunga.

Bolti kubwa ya krenki, soketi 17, inakuwa imekazwa sana. Gari ya gia za mkono, tia gia ya tano, mtu akanyage breki kwa nguvu zote. Ya otomatiki, toa bamba dogo la chini ya gia boksi uzuie meno ya flaiwili. Puli ikitoka, tazama kii ya krenki, kile kipande cha chuma kinachoifungia puli isizunguke peke yake, na mfereji wake kwa makini. Injini hizi zina sifa mbaya ya kula kii pale bolti isipokazwa sawasawa: puli inacheza kidogo, kii inakatika, mfereji unapanuka. Ukiona kii imeuma upande mmoja, badilisha. Ukiona mfereji wa krenki umepanuka, hilo ni tatizo kubwa kuliko pampu na mwenye gari aitwe aone kwa macho yake.

Sasa chini. Escudo ina difu ya mbele, na difu hiyo imekaa pale pale unapotaka kupita na sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini. Kuna mafundi wanajaribu kuitoa sampu kwa kuipinda pembeni bila ya kushusha difu. Sampu ikipindwa haikai tena, na mtu anaishia kumimina silikoni kuziba pengo. Shusha difu: toa bolti zake za kwenye chesisi, ipumzishe juu ya jeki, vua shafti ya mbele, na nafasi itapatikana. Ni saa moja zaidi ya kazi. Mpangie bei mteja ukiihesabu saa hiyo.

Sampu na chujio: hapa ndipo majibu yalipo

Bolti za sampu ni kichwa cha 10, nyingi, na zile za nyuma zina kutu. Zikishatoka zote, sampu haitashuka kwa sababu imegandishwa. Usipige bisibisi kati ya sampu na bloki, utachimba alumini ya pampu upande wa mbele na hapo patavuja milele. Pitisha kisu chembamba pole pole ukigonga kwa nyundo ndogo, ukianzia pembeni.

Ikishashuka, usiiweke kando. Itazame kwa ndani, kisha itazame kwa nje. Gari inayopita njia za uwandani, mawe yale makali ya upande wa mashariki, hupigwa chini mara kwa mara. Na zipo zilizoinuliwa kwa jeki iliyowekwa katikati ya sampu na mtu mvivu wa kutafuta chesisi. Sampu ikibonyea kwenda juu, bonde lile linakwenda kukaribia mdomo wa chujio. Kwenye sailensi oili inapita. Ukikimbia, pampu inataka oili nyingi, na mlango ni mwembamba. Presha inaanguka mbio wakati ilitakiwa ipande, na pampu haina kosa lolote. Dalili yake ndani ni duara lililosuguliwa likang'aa, mahali chujio lilipokuwa likigusa. Nyoosha bonde hilo juu ya gogo kwa nyundo ya mpira, au tafuta sampu nyengine ya mtumba iliyo nzima. Na uangalie kutu: sampu iliyopita kwenye maji ya bahari inaweza kuonekana nzima mpaka uisugue kwa brashi ya waya, ndipo vitundu vinapojitokeza.

Chujio sasa. Lifungue kwenye pampu na kwenye mguu wake, liweke kwenye mwanga. Wavu ukiwa umezibwa na lami nyeusi, gari ilikuwa inakawilishwa kubadilishwa oili. Ukiwa umezibwa na vipande vilivyonyumbuka kama minyoo, ni silikoni. Hiki ndicho kiuaji kikubwa cha pampu katika gereji zetu, nami sioni sababu ya kukificha. Fundi anapaka silikoni nene kama dawa ya meno ili asirudi tena kwa uvujaji, na ile inayofinyikia ndani, ambayo haionekani na mtu, inakatika taratibu na kusafiri na oili. Inakwenda mahali pamoja tu: kwenye wavu. Chembe zinazofanikiwa kupenya zinaingia kwenye valvu ya presha na kuikwamisha. Osha wavu kwa petroli na brashi laini, pulizia upepo kutoka ndani kwenda nje. Ukiwa umechanika, au umepinda ukaacha pengo pembeni, usilirudishe chujio hilo.

Pete ya mpira inayokaa kati ya bomba la chujio na pampu, ikamate kwa vidole uibane. Mpya inarudi kama ilivyokuwa. Ya zamani inakuwa ngumu na imechukua umbo la bapa. Pete hiyo ni kitu kidogo kinachoweza kuidhalilisha pampu nzima, maana pampu ni mvivu: akipewa hewa na oili, atavuta hewa.

Kuishusha na kuipima pampu

Toa bomba la kijiti cha oili, mabano ya altaneta na ya kompresa yaliyoshikana na uso wa pampu, kisha bolti za pampu. Si sawa zote, kuna fupi na ndefu. Chora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na uchomeke kila bolti mahali pake. Pampu imekaa juu ya pini mbili za kuiweka sawa. Ichomoe ikiwa imenyooka, usiipinde, na pini zikibaki kwenye bloki ziache huko huko.

Iweke juu ya meza safi. Nyuma yake kuna bamba lililofungwa kwa skrubu, toa, na utaona rota mbili, ya ndani na ya nje. Weka alama kwa kalamu ya wino juu ya zote mbili kuonyesha upande uliokuwa unakutazama na meno yaliyokuwa yamekutana. Kalamu, usitumie patasi. Osha kila kitu kwa petroli, kausha kwa upepo. Kitambaa kinachotoa nyuzi kiache mbali.

Kwanza tumia kucha. Pitisha ukucha juu ya ukuta wa ndani wa nyumba ya pampu, juu ya bamba, na juu ya uso wa rota. Michirizi unayoiona lakini ukucha haukwami, hiyo ni ya umri. Ukucha ukikwama, kuna mchanga au chuma kilipita hapa, na pampu hiyo imekwisha, hata kama vipimo vitakuja vizuri.

Kisha vipimo, viwili. Rudisha rota ndani zikiwa kavu. Ingiza fila geji kati ya mgongo wa rota ya nje na ukuta wa nyumba: mwisho unaoruhusiwa ni milimita 0.310. Pima sehemu kadhaa ukiizungusha, usiridhike na moja. Halafu lalisha rula ya chuma juu ya uso wa pampu, ukatishe rota zote mbili, na upime pengo lililo chini ya rula: mwisho ni milimita 0.15. Ili upate picha, karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa kama milimita 0.1. Yaani mpaka kati ya pampu nzima na pampu ya kutupa ni karatasi moja na nusu, na ndiyo maana yule anayeitikisa pampu sikioni na kusema "bado nzima hii" anabahatisha.

Pengo hili la pili ndilo linaloumiza zaidi. Oili iliyosukumwa inateleza juu ya uso wa rota na kurudi ilikotoka, na ikiwa na moto na nyepesi, inateleza nyingi zaidi. Pampu yenye kasoro hii inafanya kazi vizuri asubuhi na inashindwa saa nane mchana.

Valvu ya presha: toa kizuizi chake, springi, na pistoni ndogo. Pistoni ikiwa na oili nyepesi inatakiwa ishuke ndani ya tundu lake kwa uzito wake, bila ya kusukumwa, bila ya kusita. Ikisita, tafuta kwa nini. Mara nyingi ni chembe ya silikoni au ukoga uliokaangika, na inaoshwa. Ikiwa pistoni imechubuka, au tundu lenyewe lina mchirizi, badilisha. Springi iliyovunjika au iliyopinda, hiyo haina mjadala. Lakini usiongeze washa chini ya springi ili upandishe presha. Nimewaona wanaofanya hivyo, na geji inapendeza kweli. Ila beringi zilizolika zinabaki zimelika, na filta inalemewa.

Mpya, au hii hii?

Kama vipimo vimekuja ndani ya mipaka, nyuso hazina mikwaruzo na valvu inateleza, mimi narudisha pampu ya zamani, na sioni haya. Pampu ya kiwandani iliyotembea miaka mingi na bado ina vipimo vyake ni bora kuliko pampu ya bei rahisi yenye boksi zuri. Ukinunua mpya, ifungue na uipime kama ulivyopima ya zamani, pale pale dukani kama muuzaji atakuruhusu. Kuna mpya zinazotoka boksini zikiwa zimeshapita milimita 0.15. Za mtumba kutoka kwenye injini za Japani nazo si mbaya, kwa sharti lile lile la fila geji.

Kurudisha

Safisha uso wa bloki mpaka ung'ae, ukiwa umeziba krenki na njia za oili kwa kitambaa. Ng'oa oili sili ya zamani kwenye pampu na ugonge mpya ikae sawa na ukingo, kwa kipande cha bomba kinachoenea vizuri.

Panga rota kwa alama zako, na sasa uzijaze. Rota kavu hazivuti; zinazunguka tu na hewa yake huku beringi zikisuguana chuma kwa chuma. Jaza nafasi zote kati ya meno kwa mafuta ya mgando, yale ya dukani yasiyo na dawa, au angalau oili nzito nyingi. Mafuta ya mgando yanayeyuka ndani ya oili yakipata moto. Grisi haiyeyuki hivyo, basi usiitumie. Funga bamba, kaza skrubu zake kwa Newton-mita 10 hivi, kisha zungusha rota kwa kidole. Zinatakiwa ziende laini, bila ya kukwama popote.

Gasketi ni kavu. Narudia, kwenye gasketi ya pampu hapapakwi silikoni hata tone, kwa sababu tundu la oili yenye presha linapita pale pale, na kitakachofinyika kitaingia kwenye mishipa ya krenki. Kama umelazimika kukata gasketi ya mkono, hakikisha karatasi inavumilia oili na matundu yote yamelingana, hasa hilo la presha. Likipungua upande mmoja, oili inavujia ndani kwa ndani, na hakuna atakayeuona uvujaji huo.

Mdomo wa sili mpya unakatwa kirahisi na mfereji wa kii. Chukua chupa ya maji ya plastiki, kata kipande, kizungushe kwenye ncha ya krenki kiwe kama soksi, paka oili, na uipitishe pampu juu yake. Pangilia sehemu bapa za rota ya ndani na zile za krenki. Pampu inatakiwa iingie na kulala kwenye pini zake kwa nguvu za mikono tu. Ikigoma, toa, zungusha rota kidogo, rudia. Ukiivuta kwa bolti utaivunja. Vuta soksi yako itoke, kaza bolti kwa mzunguko, Newton-mita 11 tu. Ni alumini. Gasketi ikichungulia chini, mahali pampu inapokutana na sampu, ikate kwa wembe iwe sawa na chuma, la sivyo patavuja.

Chujio na pete mpya, bolti zake kwa kipimo hicho hicho. Sampu: nyuso zote mbili zikauke kabisa, zioshwe kwa petroli, kisha mstari mmoja wa silikoni wa milimita 3, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, usiokatika. Funga kabla haijaota ngozi, ukaze kuanzia katikati kwenda pembeni, Newton-mita 11. Subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kutia oili. Siku moja nzima ni bora, na ndani ya siku hiyo unaweza kurudisha difu na mkanda.

Puli ya krenki na kii yake, bolti kubwa takriban Newton-mita 130. Hapa usikadirie kwa mkono. Kii iliyokatika niliyoitaja juu huanzia hapa. Alama E na V, kidoti na mshale, mkanda juu, springi ya tenshena ifanye kazi yake, zungusha krenki mara mbili kwa kulia, angalia alama tena, ndipo ukaze tenshena.

Kuwasha

Filta mpya, oili lita 4 kwanza, halafu ongeza kwa kufuata kijiti. Kwa joto la pwani kuanzia 10W-40 hadi 20W-50 inafaa injini hii. Geji ya presha ibaki imefungwa mahali pa swichi.

Toa plagi zote nne na uchomoe umeme wa koili na wa nozeli za petroli. Piga stata sekunde 10, pumzisha, piga tena. Injini bila ya kompresheni inazunguka nyepesi, na pampu inapata nafasi ya kuvuta. Sindano ikinyanyuka, rudisha plagi. Isiponyanyuka baada ya kurudia mara kadhaa, usiwashe kwa matumaini kwamba itakuja. Pampu inavuta hewa au haikujazwa, na jibu liko chini kwenye pete ya chujio.

Ikishawaka, iache sailensi, usipige resi. Tazama geji, tazama chini ya sampu, tazama nyuma ya puli. Ipate moto, kisha soma tena kwenye mizunguko 3,000 na uandike namba kwenye karatasi umpe mwenye gari. Zima, rudisha swichi, angalia kijiti.

Oili hii usiiache ndefu. Baada ya kilomita 500 mwaga, badilisha filta, na ile ya zamani ikate kwa msumeno upande wa juu, utandaze karatasi yake juani. Weusi wa kawaida hauna neno. Vijinyuzi vichache vya silikoni ni mabaki ya zamani, fuatilia oili ya pili itakavyokuwa. Chembe za rangi ya shaba, mwite mwenye gari mzungumze habari ya beringi kabla hajaikodisha tena.